Daftari la wanachama limekwama kwenye kompyuta ya Windows 95: tulitoeje?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu mpya wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, Urambo. Stoo tuna kompyuta mbili za zamani. Moja ni ya Windows 95, na humo ndimo lilimo daftari la wanachama na hisa zao tangu miaka ya tisini, kwenye programu ya DOS, ule mfumo wa kuandika amri uliotangulia Windows. Flopi yake haisomi tena, haina USB wala tundu la waya wa mtandao. Ya pili ilikuwa ghalani, ina Windows 98 na tundu la mtandao inalo. Watoto wa wanachama waliofariki wanadai hisa za wazazi wao, na vitabu vya karatasi vimeliwa na mchwa. Fundi mmoja mjini Tabora kasema mafaili hayatoki. Mwingine kasema nichomeke tu kwenye ruta ya ofisi, yatajitokeza kwenye laptopu yangu ya Windows 11. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao. Mafaili yanatoka, tena bila kufungua kompyuta wala kununua kitu cha bei kubwa. Lakini ruta haitakusaidia, na sababu nitakueleza nikifika kwenye ile mashine ya ghalani. Kwa hii ya daftari la hisa, tumia njia ambayo kompyuta yenyewe ilitoka nayo kiwandani. Mashine ya umri huo usiipachike kadi mpya wala draiva mpya kabla data haijatoka. Kila unachokiongeza kinaweza kuizuia isiwake kesho.

Kabla hujaiwasha, angalia nyuma kwenye pawasaplai. Kuna kiswichi chekundu kinachosomeka 115 au 230. Lazima kiwe 230, sawa na umeme wetu. Usidhani tu kwamba kiko hapo, maana stoo za vyama watoto hupita na vidole vyao hufika kila mahali. Puliza vumbi kwenye feni. Ikiwaka ikalalamika kuhusu CMOS, yaani kumbukumbu yake ndogo ya mipangilio, au ikasema haioni diski, usishtuke: betri ndogo ya kwenye madabodi imekufa, kwa hiyo imesahau ina diski gani. Ingia kwenye Setup, ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijaanza, iambie itafute diski yenyewe, hifadhi, endelea. Mara nyingi betri hiyo ni CR2032, ile ile inayouzwa madukani kwa ajili ya mizani na rimoti. Lakini ukisikia diski inagonga, kwa maana ya mlio wa tak-tak unaojirudia, zima hapo hapo. Hiyo ni kesi nyingine, nitaigusa mbele.

Sasa geuka nyuma ya kompyuta utazame matundu. Lile la bluu lenye vishimo 15 katika mistari mitatu ni la monita. Lile refu lenye vishimo 25 ni la printa. Unalolitaka ni dogo, umbo la herufi D, lenye pini tisa zilizochomoza, yaani dume. Hiyo ndiyo poti ya siriali, na kompyuta nyingi za wakati huo zina mbili, COM1 na COM2. Modemu za simu zilichomekwa humo, na mausi pia, kwa hiyo kama mausi yako imekaa COM1, wewe tumia COM2.

Upande wa laptopu utahitaji adapta ya USB kwenda siriali. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Sokoni kuna vibao vidogo vya saketi vya bei rahisi wanavyotumia wanafunzi wa elektroniki, vinavyofanya kazi kwa volti 3.3 au 5. Usivichukue. Poti ya kompyuta yako ni ya kiwango cha RS-232, na waya zake hupanda na kushuka kiasi cha volti 12 chanya na hasi. Kibao cha volti 5 kinaweza kuungua. Nunua adapta iliyoandikwa RS-232, yenye kichwa cha pini tisa. Mimi napendelea zenye chipu ya FTDI. Za Prolific nazo zinafanya kazi, ila nyingi mitaani ni za kughushi au za toleo la zamani, na draiva mpya za Windows huzikataa hata kama adapta yenyewe ni nzima. Kama Tabora mjini hazipo, agiza Kariakoo zije na basi. Adapta za USB kwenda tundu la printa wala usiziulizie: zinajua kuongea na printa tu, haziwezi kupokea mafaili kutoka kompyuta nyingine.

Kisha kebo yenyewe. Inaitwa nalimodemu, na kinachoitofautisha na kebo ya kawaida ya siriali ni kwamba waya zimepishana, mdomo wa huyu uelekee sikio la yule. Pini ya 2 ya upande mmoja inakwenda 3 ya upande wa pili, 3 inakwenda 2, na 5 kwa 5 ambayo ndiyo ardhi. Hizo tatu zinatosha kuongea. Lakini kwa mwendo mkubwa ongeza 7 kwenda 8 na 8 kwenda 7, maana ndizo kompyuta zinazotumia kuambiana "subiri kidogo, bado nameza". Ukitaka ikamilike, 4 iende 6 na 6 iende 4. Kebo hiyo fundi redio yeyote anakuchomea akiwa na vichwa viwili vya jike na mita kadhaa za waya, na utaikagua kwa multimita pini kwa pini. Usiikubali kwa kuitazama tu, kwa sababu kebo iliyonyooka na iliyopishana zinafanana kabisa kwa nje.

Kabla ya kuunganisha mashine mbili, pima kila poti peke yake. Hatua hii wengi huiruka, halafu siku nzima inaisha wakibishana kama kosa ni la kebo, poti au programu. Kwenye Windows 95 fungua HyperTerminal, programu ya kuongea kupitia poti, iliyomo ndani ya Accessories. Anzisha muunganisho mpya, chagua Direct to Com2, mwendo 9600, biti 8, pariti hakuna, stopu 1, na flow control, yaani utaratibu wa kusubiriana, weka None. Sasa chukua kipande kifupi cha waya ukiguse kati ya pini ya 2 na ya 3 ya poti hiyo, halafu andika neno lolote, tuseme TUMBAKU. Kila herufi inatoka kwa pini ya 3 na kurudi kwa pini ya 2, kwa hiyo neno litaonekana kwenye skrini. Ondoa waya, andika tena: skrini inabaki tupu. Ukiona hivyo, poti ni nzima. Fanya jaribio hilo hilo kwenye adapta ya laptopu. HyperTerminal iliondolewa kwenye Windows tangu Vista, kwa hiyo weka Tera Term, ambayo ni ya bure.

Ukishaunganisha kebo, acha zote mbili kwenye 9600 uandike upande mmoja usome upande wa pili. Herufi zikija za ajabu ajabu, mwendo haulingani. Isipokuja hata moja wakati poti zote mbili zimefaulu jaribio la waya, kebo haijapishana. Zikisoma vizuri, panda hadi 115200 pande zote mbili, na flow control weka Hardware.

Usitegemee mwendo wa flashi. Kila baiti hutumwa na biti mbili za ziada za kuanza na kumaliza, kwa hiyo biti 115,200 kwa sekunde ni baiti 11,520 tu. Megabaiti moja ni dakika moja na nusu. Kwa 9600 megabaiti hiyo hiyo inachukua dakika 18. Mashine nyingine haziwezi kasi hiyo ya juu: chipu za zamani za siriali zilishika baiti moja tu kwa wakati, ikija ya pili kabla prosesa haijaichukua ya kwanza, inapotea. Chipu ya 16550A ilikuja na nafasi ya baiti 16. Ukiona makosa mengi, shuka hadi 57600 au 38400, hujapoteza kitu zaidi ya muda wa kunywa chai.

Sasa mafaili. Programu za hisa za miaka hiyo mara nyingi zilihifadhi data kwa muundo wa dBASE, programu ya zamani ya kutunza kumbukumbu, kwa hiyo humo utakuta mafaili yanayoishia na DBF. Yanaweza kuwa na wenzake: NDX, NTX au CDX ni faharasa, na DBT au FPT ni maelezo marefu. Usichague. Chukua folda nzima kama ilivyo, kwa sababu DBF iliyotenganishwa na DBT yake hukosa maelezo yote yaliyoandikwa pembeni ya mwanachama, na pengine humo ndimo alimoandikwa mrithi.

Kuhamisha faili moja moja kunachosha na kunazaa makosa, kwa hiyo ifunge kwanza folda yote iwe fungu moja la ZIP. Windows 95 haina chombo cha kufanya hivyo. Basi utakituma kupitia kebo hiyo hiyo: tafuta PKZIP 2.04g ya DOS, faili lake linaitwa PKZ204G.EXE na lina kama kilobaiti 200. Kwenye Tera Term fungua File, Transfer, ZMODEM (itifaki, yaani utaratibu wa kutuma mafaili), Send, weka alama kwenye Binary, chagua faili. HyperTerminal italipokea yenyewe. Sekunde ishirini hivi, limefika. Liweke kwenye folda yake, liendeshe lijifungue, kisha funga programu ya hisa, ingia kwenye dirisha la DOS ndani ya folda ya data na uandike:

pkzip -rp c:\tuma.zip *.*

Andika njia kamili ya pkzip kama iko folda nyingine. Likiisha, pima: pkunzip -t c:\tuma.zip. Utashangaa fungu lilivyo dogo. Kwenye DBF kila safu ina upana usiobadilika, jina la mtu likiwa fupi sehemu iliyobaki hujazwa nafasi tupu, na ZIP hukamua nafasi hizo zote. Faida kubwa zaidi ni kwamba ZIP huandika kwa kila faili namba ya ukaguzi, CRC-32. Likifika kwenye laptopu likafunguka bila lawama, ujue hakuna baiti iliyobadilika njiani.

Kutuma: kwenye laptopu chagua ZMODEM, Receive. Kwenye ile ya zamani, Transfer, Send File, itifaki Zmodem. Umeme wa Urambo unaujua mwenyewe. Zmodem ilibuniwa mwaka 1986 ikiwa na uwezo wa kuendelea pale ilipokatikia, lakini si kila programu inaufuata, kwa hiyo kama fungu ni kubwa tengeneza ZIP kadhaa ndogo. Umeme ukikatika utarudia kipande kimoja. Zmodem ikigoma kabisa, jaribu Kermit, ambayo ni ya mwaka 1981 kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Ni mzito kwa mwendo lakini mvumilivu kwenye kebo mbovu. Xmodem iache iwe ya mwisho kwa sababu hutuma kwa mafungu ya baiti 128 na hujaza takataka mwishoni ili fungu la mwisho litimie.

Je, kama HyperTerminal haimo? Ipo njia ya kishamba inayofanya kazi. Kwenye DOS andika mode com2:9600,n,8,1 halafu copy /b hisa.dbf com2. Laptopu, kwenye Tera Term, iwe imefungua Log yenye alama ya Binary. Hakuna ukaguzi wowote hapo, kwa hiyo tuma faili mara mbili kwa majina tofauti, kisha yalinganishe kwenye laptopu kwa fc /b. Yakilingana, na ukubwa ukiwa sawa na ule unaoonekana kwenye dir ya kule, lichukue.

Vijana wengi wangekwambia chomoa diski, ichomeke kwa adapta ya IDE (kiungio cha diski za zamani) kwenda USB, maliza. Ni kweli ni haraka, na kama mashine haiwaki au diski inagonga, hiyo ndiyo njia, ila apewe mtu mwenye Linux aanze kwa kuinakili diski nzima kwa programu ya ddrescue. Diski inayowaka vizuri nisingeigusa. Windows ya leo ukiichomekea diski huanza kuiandikia mambo yake bila kukuuliza, na pini za IDE zilizopinda huwezi kuzinyoosha mara nyingi.

Ile ya ghalani ni rahisi zaidi, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Ruta haitakusaidia kwa sababu Windows 98 inashiriki mafaili kwa lugha ya zamani, SMB toleo la kwanza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la lugha hiyo kikafunga kompyuta dunia nzima, na kuanzia mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya zikaacha kuja nayo ikiwa wazi. Laptopu yako haiisikii, na nisingekushauri uilazimishe. Wala usiipe Windows 98 intaneti hata kwa dakika chache.

Unganisha waya wa mtandao moja kwa moja kati ya mashine hizo mbili, bila ruta, na zima wi-fi ya laptopu. Kama laptopu haina tundu, adapta ya USB itatosha, na nyingi zitashuka zenyewe hadi megabiti 10 au 100 kwa sekunde kuendana na kadi ya zamani. Ipe laptopu anwani 192.168.50.1, ya zamani 192.168.50.2, maski zote 255.255.255.0. Kwenye laptopu weka FileZilla Server, tengeneza mtumiaji mwenye folda moja tupu, ruhusu FTP (njia ya zamani ya kuhamisha mafaili) ya kawaida isiyo na usimbaji, na ruhusu programu hiyo kwenye fayawoli. Upande wa Windows 98 huhitaji kuweka chochote, amri ya ftp imo tayari:

ftp 192.168.50.1

Ingia, halafu andika binary kabla ya kitu kingine chochote. Bila neno hilo amri hiyo hudhani inatuma maandishi, na inaweza kuchezea baiti zinazofanana na mwisho wa mstari. Hapo DBF inafika ikiwa imeharibika. Kisha put na jina la faili. Kama kadi ya ghalani ina tundu la duara la kebo kama ya antena badala ya tundu la plastiki, achana na mtandao, rudi kwenye siriali.

Mafaili yakishafika, tengeneza nakala usiyoigusa, ufanye kazi kwenye nyingine. LibreOffice Calc inafungua DBF na itakuuliza seti ya herufi. Kwa Kiswahili chetu kisicho na alama juu ya herufi, chochote utakachochagua majina yatasomeka. Wenye majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi, kama ng'ambo kule Burundi, ndio wanaohangaika kuchagua kati ya seti za CP437 na CP850. Usipitishie kwenye CSV, faili la maandishi matupu, ukaifungue kwa Excel: mwanachama namba 0417 atageuka 417. Tarehe usizihofie, DBF huziandika kwa tarakimu nane zinazoanza na mwaka mzima, isipokuwa kama aliyetunga programu aliziweka kama maandishi.

Kuna jambo moja la dBASE linalokuhusu moja kwa moja kwa sababu ya hao warithi. Ukifuta mwanachama kwenye dBASE, hafutiki. Programu huweka kinyota mwanzoni mwa mstari wake, na mstari unabaki ndani ya faili hadi mtu atoe amri ya PACK. Programu nyingi za leo huiruka mistari hiyo kimya kimya. Kwa hiyo marehemu ambaye karani alimwondoa mwaka aliofariki anaweza kuwa bado yumo, na hisa zake. Tafuta kijana anayejua lugha ya programu ya Python, atumie maktaba yake ya dbfread, ina sehemu maalumu ya kusoma mistari iliyofutwa. Ichapishe kwenye orodha yake pekee, usiichanganye na wanachama hai, kwa sababu wengine walifutwa kwa haki: walishalipwa wakaondoka. Orodha hizo zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp pia. Ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavigusa vyama kama inavyogusa benki.

Halafu washa ile ya zamani, fungua programu yenyewe, itoe jumla ya hisa na idadi ya wanachama kwenye skrini, mweka hazina aandike kwa kalamu. Jumlisha safu hiyo hiyo kwenye laptopu. Zikilingana, mafaili yamehama kweli. Zikipishana, kabla ya kumlaumu mtu, chukua tofauti uipeleke kwenye ile orodha ya waliofutwa, kisha uangalie kama folda ilikuwa na DBF mbili za hisa, ya mwaka ulioisha na ya mwaka uliokuwa ukiendelea. Kompyuta yenyewe usiiuze kama chuma chakavu hadi mkutano mkuu upitishe hesabu hizo. Ikikwama mahali, niandikie ukieleza kilichotokea kwenye jaribio la pini ya 2 na 3, maana nitaanza kukuuliza hapo.